Nyumba Isiyo na Mwana wa Kiume: Waridi la Versailles Likisomwa Kutoka Mara

Filamu ninayotaka tuitafakari leo ni ya Kijapani, ni ya kuchorwa, na habari zake ni za Ufaransa ya karne ya 18. Inaitwa Waridi la Versailles. Ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 31 Januari 2025, chini ya mwongozaji Ai Yoshimura na studio ya MAPPA, na miezi mitatu baadaye ikawafikia watazamaji wa nchi nyingi kupitia Netflix. Chimbuko lake ni manga, yaani hadithi ya picha, ya Riyoko Ikeda, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1972 na 1973 katika Margaret, jarida la wasichana. Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama ana haki ya kuuliza: haya yanatuhusu nini? Nasema yanatuhusu sana. Hadithi ya mapenzi iliyopandwa ndani ya historia ya kweli ni njia halali ya kuijua historia hiyo, kwa sababu mapenzi huzianika kanuni za ukoo, urithi na tabaka pale zinapombana mtu mmoja hadi akakosa pa kutokea. Sisi wa Mara tumeishi kwa vizazi vingi na swali lile lile linaloibeba filamu hii, yaani swali la nyumba isiyo na mwana wa kiume. Kwa hiyo tunaweza kuisoma vizuri kuliko wengi, na tukishaisoma tuna sababu ya kudai kwamba hadithi zetu nazo zichorwe.

Kisa chenyewe kinaanzia katika nyumba ya jenerali mmoja, de Jarjayes, ambaye mkewe amemzalia mabinti watupu. Cheo chake cha kijeshi hurithiwa na wanaume. Anapozaliwa binti wa mwisho, jenerali anakata shauri: huyu atakuwa mwanangu wa kiume. Anampa jina la Oscar, anamfunza upanga na farasi, na binti huyo anapokua anakuwa kamanda wa walinzi wa Marie Antoinette, msichana wa Austria aliyeletwa Ufaransa mwaka 1770 akiwa na miaka 14 ili aolewe na mrithi wa ufalme. Pembeni yake yuko André, mjukuu wa yaya wa nyumba hiyo, aliyekua pamoja na Oscar na anayempenda kwa miaka mingi bila kuwa na haki ya kulitamka hilo, kwa sababu yeye ni mtumishi. Yuko pia Fersen, mtukufu wa Sweden, ambaye malkia anampenda na ambaye Oscar naye, kwa muda, anampenda kimyakimya. Marie Antoinette na Fersen waliishi kweli. Barua zao zipo. Oscar na André ni wa kubuni. Ikeda alikusudia kusimulia maisha ya malkia, akitegemea wasifu ulioandikwa na Stefan Zweig mwaka 1932, lakini wasichana waliokuwa wakisoma Margaret kila wiki walimng'ang'ania Oscar, na hadithi ikamfuata yeye. Hilo peke yake ni ushahidi wa kutosha kwamba wasomaji wa Japani ya miaka ya 1970 walikuwa wanatafuta kitu ambacho maisha ya malkia hayakuwapa.

Walichokitafuta, kwa maoni yangu, kinaonekana wazi katika tukio moja la manga ambalo wengi hulipita haraka. Ufaransa imeanza kuchemka. Jenerali, aliyemlea binti yake kama mwanamume kwa zaidi ya miaka 30, anaingiwa na hofu kwamba binti huyo atauawa vitani, naye anamtaka aolewe. Mchumba yupo, ni afisa mwenzake Oscar, wa tabaka lake, Girodelle. Sababu ni ile ile iliyomfanya Oscar awe mwanamume: nyumba inahitaji mrithi. Jana nyumba ilihitaji mwana wa kushika upanga, ikamgeuza. Leo inahitaji mjukuu, inamgeuza tena. Hapo msomaji anaona kwamba baba hakuwa amempa binti yake uhuru. Alimpa kazi, na sasa anambadilishia kazi. Lakini Ikeda hamwachi jenerali awe mtu mbaya wa hadithi. Oscar anamshukuru baba yake kwa kumfungulia dunia pana ambayo dada zake, walioolewa mapema, hawakuiona. Amepata kitu cha thamani ndani ya amri isiyokuwa ya haki, na mambo hayo mawili yanabaki ya kweli kwa pamoja. Kitabu cha historia kitakueleza kwamba wanawake wa Ufaransa hawakuweza kurithi kiti cha ufalme wala kushika vyeo vya jeshi. Hakitakueleza kanuni hiyo ilimfanya nini binti na baba walioketi chumba kimoja wakipendana.

Sasa turudi nyumbani. Miongoni mwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, na wale waliohamia wilaya nyingine za mkoa huu, upo utaratibu wa nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe wa mahari na kumwoa msichana. Msichana huyo huzaa na mwanamume aliyechaguliwa au aliyekubaliwa, na watoto huwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa mahari: huitwa kwa jina la nyumba hiyo na hurithi mashamba na mifugo yake. Huu ni mpango wa urithi, wala hauhusiani na mapenzi ya wanawake wawili, na wageni wengi wameuelewa vibaya. Baadhi ya watafiti wa ukoo wa Kikurya wanaeleza jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria: kwa mujibu wa mantiki ya utaratibu huo, msichana yule ameolewa na mtoto wa kiume wa nyumba hiyo ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mama ni mkwe wake. Mume hayupo na hakuwahi kuwapo, lakini nafasi yake ipo, na ng'ombe wametolewa kwa ajili yake.

Wekeni mambo haya mawili pamoja. Jenerali wa Versailles hana mwana, anamchukua binti aliyepo na kumweka katika nafasi ya mwana. Mama wa Kikurya hana mwana, anaiacha nafasi ya mwana wazi na kuijenga nyumba kuizunguka. Jamii mbili zilizotengana kwa bahari na bara zima, zikabanwa na kanuni moja ya urithi wa upande wa kiume, na kila moja ikapata upenyo wake. Naona upenyo wa Mara una upana ambao ule wa Ufaransa hauna: unampa mwanamke mtu mzima mamlaka ya mwenye nyumba bila kumlazimisha avae suruali ya mwanamume wala kumdanganya mtu kwamba yeye ni mwanamume. Lakini hapo hapo upo upande wa pili, na ni hapa ninapoihitaji hadithi ya mapenzi. Yule msichana anapenda nani? Mahari imetolewa, pengine hakuulizwa. Mwanamume anayezaa naye si mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoitambua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, haimtambui kuwa mke. Wanasheria na watetezi wa haki za wanawake wameeleza hasara za utaratibu huu. Wazee wameeleza faida za nyumba. Lakini moyo wa msichana yule, ukiupima kwa kanuni za pande zote mbili, hauna mahali pa kuandikwa. Mchoraji angeweza kumchora amekaa chini ya ghala, mama mkwe akimsuka nywele kwa upendo wa kweli, huku yule mwanamume akipita njiani bila kusimama. Picha moja kama hiyo ingebeba utata wote: ulinzi, upendo, upweke na deni la ng'ombe.

Kwa wale wa Bunda, mfano ulio karibu zaidi ni wa Ikizu. Simulizi za Waikizu, ambazo wazee wao wenyewe waliziandika kwa Kiswahili na baadhi zikachapishwa mwaka 2003 katika mkusanyo wa historia za Mara ya kusini uliohaririwa na Jan Bender Shetler, zinamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma akiwa na uwezo wa kuleta mvua. Alikutana na Isamongo, mwenyeji. Wakashindana nani awe mkubwa wa nchi, na mvua ya Nyakinywa ikashinda. Kutoka kwake ukatoka utemi wa Ikizu, na watawala wa mwanzo walikuwa wanawake. Kufikia wakati wa ukoloni utemi ulikuwa mikononi mwa wanaume. Tazameni yaliyomo humo: mgeni na mwenyeji, mwanamke na mwanamume, uwezo wa kuleta mvua mbele ya haki ya kutangulia kufika. Ni simulizi ya asili ya nchi, lakini pia ni kisa cha watu wawili ambao kila mmoja anamhitaji mwenzake na kila mmoja anaogopa kumezwa na mwenzake. Na kati ya Nyakinywa na watemi wanaume wa karne ya 20 kuna mageuzi makubwa ya jinsia na madaraka, ambayo mtoto wa sekondari ya Bunda hawezi kuyaona kwa kukariri majina ya watemi kwa mpangilio.

Pingamizi la kwanza dhidi ya njia hii ya kuisoma historia, na ndilo zito kuliko yote, ni la mwanahistoria. Atasema: hadithi hizi zinaongopa. Na ana ushahidi. Tarehe 14 Julai 1789, katika kuliteka gereza la Bastille, askari wa kikosi cha French Guards kweli waliasi na kuungana na umma wa Paris, na mizinga ilisogezwa langoni. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Pierre-Augustin Hulin, mtu wa kweli. Katika Waridi la Versailles nafasi ya uongozi inashikwa na Oscar, ambaye hakuwahi kuishi, naye anafia hapo. Mtazamaji asiyejua anaweza kuondoka akiamini kwamba kamanda mwanamke alianguka siku ile. Siwezi kulipuuza jambo hili, na sitaki mtu alipuuze. Lakini angalieni Ikeda alichokibuni na alichokiacha kama kilivyo. Hakubuni uasi wa kikosi kile; ulitokea. Hakubuni njaa ya askari. Katika manga yupo askari aliyeuza bunduki yake ili nyumbani wapate kula, na Oscar, mtoto wa ikulu, anagundua kwa mara ya kwanza kwamba silaha ya mfalme ina bei ya mkate. Jambo hilo dogo linaeleza kwa nini jeshi liligeuka, na linaeleza vizuri kuliko orodha ya viongozi. Mhusika wa kubuni amewekwa pale ambapo kumbukumbu haikuandika mtu mmoja mmoja alichohisi. Matukio makubwa yamebaki mahali pake.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mbuni mtu, usibuni tukio, na mtu aliyeishi asitiwe kinywani maneno ya kumfedhehesha. Kipimo hicho kinatusaidia hasa hapa Mara. Tarehe 24 Januari 1953, Julius Nyerere na Maria Gabriel walifunga ndoa Musoma, miezi michache baada ya bwana arusi kurudi kutoka Edinburgh. Bibi arusi alikuwa mwalimu aliyefundisha Nyegina. Ni kisa kizuri cha mapenzi na cha historia, na wapo ambao wangependa kukichora kesho asubuhi. Mimi ningewashauri wafuate njia ya Oscar. Mchoreni mwalimu wa kike wa kubuni katika shule ya misheni ya miaka ile, aliyeposwa kwa ng'ombe na baba mmoja na kupendwa na kijana mwingine aliyerudi na digrii, halafu Mwalimu na Mama Maria wapite pembezoni mwa kisa kama walivyokuwa wakipita njiani. Heshima yao italindwa, na msichana wa kubuni atakuwa huru kusema yale ambayo hatuna haki ya kuwasemea wao. Waliokwenda Butiama kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere wanajua jinsi vitu vya mtu vinavyoweza kueleza maisha yake. Hadithi ya aina hii ingeongeza maisha ya wale ambao vitu vyao havikuhifadhiwa.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya upole zaidi, nalo linadai kwamba mapenzi ya namna hii ni ya kigeni, kwamba kwetu ndoa ilikuwa ya koo na ng'ombe, na kwamba kuwapa mababu zetu mioyo ya Versailles ni kuwavika nguo zisizo zao. Jibu liko ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, ukitokea Bunda. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Ni kisa cha Ukerewe ya kabla ya ukoloni, na kiini chake ni mume na mke wasiopata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao. Ndugu wa mume wanamwona mke huyo kuwa hasara. Kanuni zote za ukoo zinamwambia Myombekere amwache aoe mwingine, naye anafunga safari kwenda ukweni kumwomba arudi, na anakubali kutozwa pombe ya ndizi kama faini. Ndizi zivunwe, ziivishwe, zikamuliwe, vyungu vibebwe. Kitereza anaandika kazi hiyo kwa uvumilivu wa mtu anayejua kwamba humo ndimo mapenzi yalimo. Hakuna busu la bustanini. Yupo mwanamume anayejidhili mbele ya wakwe kwa sababu hawezi kuishi bila mke mmoja maalumu. Anayesema wazee wetu hawakuwa na mapenzi ya mtu kwa mtu bado hajamsoma mzee huyu aliyezaliwa mwaka 1896. Mapenzi yalikuwapo, na yalipita katika pombe, jembe na ng'ombe. Mchoraji wa Mara atapaswa kujifunza kuyachora katika vitu hivyo, asiige macho makubwa yenye nyota ndani ambayo Wajapani wamezoea kuyachora.

Wengine watauliza kama si aibu kujifunza kuisimulia historia yetu kutoka kwa Wajapani. Ikeda alikuwa Mjapani aliyeandika kuhusu Wafaransa kwa kumsoma mwandishi wa Austria, na mwaka 2009 Ufaransa yenyewe ikamtunuku nishani ya Légion d'honneur. Nyerere, mwana wa Butiama aliyewapa Waswahili tafsiri za Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi hakuona aibu ya aina hiyo. Na kwa upande wa filamu tayari tuna kielelezo cha karibu: Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ikawa filamu ya Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa mwanamume wa makamo, anampenda Denge, kijana anayepigana na Waingereza. Filamu ilionyeshwa Toronto, na Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa haijalifanya tangu filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Kwa kumfuata binti mmoja anayeikimbia ndoa, mtazamaji anaiona Zanzibar ya miaka ya 1950 ikiwa imegawanyika kwa rangi, dini na tabaka. Njia ni ile ile ya Ikeda, na imefanya kazi kwa Kiswahili.

Nisiisifu filamu ya Yoshimura kupita kiasi. Ina urefu wa chini ya saa mbili, na ndani yake imesukuma karibu miaka 20 ya historia. Matukio mengi ya manga yamepunguzwa au kuachwa, na miaka inarukwa kwa nyimbo zinazofuatana. Ufukara wa Paris unaonekana kwa haraka mno, hivyo mabadiliko ya Oscar kutoka mlinzi wa malkia hadi mwasi yanakosa uzito yaliyokuwa nao kwenye kurasa. Kinachosalimika ni André. Anapoteza uwezo wa kuona na anaficha, ili asiachwe nyuma siku ya mapambano, na uhuishaji unaweza kufanya hapo jambo ambalo ukurasa hauwezi: unaifanya picha ipoteze makali yake mbele ya macho yetu. Tofauti ya tabaka iliyomzuia kusema inaisha katika siku ambazo tabaka lenyewe linaanguka.

Limebaki suala la katuni kuwa ni za watoto, na suala la fedha. La kwanza halihitaji muda mrefu katika nchi ambayo watu wazima walikuwa wakigombea gazeti la Sani ili wasome vituko vya Lodilofa na Ndumilakuwili. La pili ni la kweli: filamu ya kuchorwa ya kiwango hiki inahitaji studio yenye watu wengi na fedha nyingi, na Musoma haina studio hiyo. Lakini kati ya kurasa za kwanza za Ikeda na filamu ya mwaka 2025 kuna miaka 53. Katikati kulikuwa na maigizo ya jukwaani kuanzia mwaka 1974, halafu mfululizo wa televisheni wa mwaka 1979 hadi 1980. Mwanzo wa yote ulikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kalamu, wino na jarida la kila wiki, na wahariri waliokuwa na shaka kama wasichana wangependa historia. Sisi nasi tunaweza kuanza hivyo hivyo: kwa Nyakinywa, hatua ya kwanza ni kuzisoma simulizi za Ikizu zilizokwisha kuandikwa, kwenda kwa wazee wa Nyamuswa na vijiji vya jirani kuuliza yale ambayo maandishi hayakuyataja, kama vile mavazi, vyungu, namna ya kumpokea mgeni wa kike aliyefika na watu wake, kisha kuzichora kurasa chache za kwanza kwa Kiswahili na kuwapa wasichana wa shule za Bunda wazisome. Wao ndio watakaosema hadithi imfuate nani.